Je, Mwalimu Alikuwa "Mtu Wetu"? Imani ya Julius Nyerere na Deni Letu

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa letu hukumbuka kifo cha Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Siku hiyo sauti yake husikika tena redioni, shule na ofisi hufungwa, na katika makanisa yetu mengi huadhimishwa Misa ya kumwombea. Tangu mwaka 2005, Kanisa lilipomtambua kuwa Mtumishi wa Mungu, sala hiyo imepata nia ya pili: kwamba, ikiwa ni mapenzi ya Mungu, siku moja atangazwe mwenye heri. Mwanzoni mwa mwezi Juni mahujaji kutoka Tanzania huipeleka nia hiyo hiyo hadi Namugongo, Uganda, mahali walipouawa mashahidi wetu.

Baada ya Misa hiyo, watu wanaposalimiana nje ya kanisa, ni kawaida kusikia mtu akisema kwa fahari, "Mwalimu alikuwa mtu wetu." Ni neno tamu, nasi tumelitamka mara nyingi. Lakini lina maana mbili, na ni vema kuzitenganisha. Maana ya kwanza ni kwamba alikuwa mwamini mwenzetu: alibatizwa kama sisi, aliungama dhambi zake kama sisi, alipiga magoti tunapopiga magoti. Maana ya pili ni kwamba, kwa sababu yake, Ikulu ilikuwa upande wetu.

Historia inaithibitisha maana ya kwanza. Inaikataa ya pili, na tunaamini kwamba Mwalimu mwenyewe angeikataa kwa ukali. Tunaandika insha hii ili tuone jinsi imani ya mtu mmoja ilivyokua, ilivyomwongoza alipopata madaraka, na mahali ambapo haikumzuia kukosea. Tunaandika pia kwa sababu kila uchaguzi unapokaribia, swali la "mtu wetu" hurudi mabenchini mwetu.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake 22 wa mtemi. Jina la Kambarage alipewa kutokana na mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa wakati mvua ikinyesha. Alilelewa katika dini ya wazee wake. Hakuwa miongoni mwa watoto waliopelekwa kanisani migongoni mwa mama zao, kama wengi wetu tulivyopelekwa.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza shule ya Mwisenge, Musoma. Huko ndiko alikoanza kufuatana na mwenzake kwenda kusikiliza mafundisho ya dini. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, katika shule ya serikali, na huko aliendelea kujifunza. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage aliingia Chuo cha Makerere, na tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa katika misheni ya Nyegina. Alikuwa na miaka 21. Alichagua jina la Julius, lakini hakuliacha lile la Kambarage, na maisha yake yote aliyatumia yote mawili.

Tuwaombe wasomaji watue hapa kidogo. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tukaipokea imani kama tunavyopokea shamba la urithi. Nyerere aliisubiri. Alikaa mlangoni mwa Kanisa miaka kadhaa akiwa mwanafunzi wa dini, akisikiliza, akiuliza, akipima. Alipoingia, aliingia akiwa mtu mzima aliyejua anachokitaka na anachokiacha. Imani ya namna hiyo mtu huwa haibebi kama jina la ukoo. Wala hakuwa na sababu ya kudhani kwamba wasiobatizwa ni watu wa daraja la chini, kwa kuwa wasiobatizwa hao walikuwa baba yake, mama yake na ndugu zake aliowapenda.

Mwalimu wa misheni

Baada ya Makerere alipata nafasi ya kufundisha serikalini na nafasi nyingine misheni. Alichagua misheni, akafundisha St. Mary's, Tabora, kuanzia mwaka 1946 hadi 1949. Hapo alijenga urafiki na Padre Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye wazee wetu huwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1949 alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi na shahada mwaka 1952. Mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, akaanza kufundisha katika shule ya Mt. Fransisko iliyoko Pugu, iliyokuwa chini ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Ni kutoka Pugu ndipo alipoingia katika siasa kwa nguvu zote. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, naye akawa rais wake. Mwezi Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza dunia kwamba Watanganyika wanataka kujitawala. Aliporudi, hakuweza tena kushika chaki na siasa kwa mikono miwili. Ilimbidi achague. Aliacha kazi mwezi huo huo, akiwa na mke na familia changa, bila mshahara mwingine wa uhakika.

Alirudi kwao Musoma kwa muda. Huko alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa Shirika la Maryknoll, na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Ni picha tunayoipenda: kiongozi wa chama ambacho kingeleta uhuru wa nchi, ameketi na padre mgeni, wakitafuta neno la Kizanaki linalofaa kumweleza mtu wa kijijini habari za Mungu.

Lakini picha hiyo lazima iwekwe pamoja na nyingine. Nyerere alipofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mgeni wa bara katika mji wa pwani. Waliompokea, waliomtambulisha kwa wazee wa mji, waliotoa fedha zao na muda wao kwa ajili ya chama, kwa sehemu kubwa walikuwa Waislamu. Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na Bibi Titi Mohamed ni baadhi ya majina ambayo historia ya uhuru haiwezi kuandikwa bila hayo. Wazee wa Kiislamu walimwombea dua. Mwalimu wa shule ya mapadre aliletwa mbele ya umma wa Dar es Salaam na watu wasiosali naye. Deni hilo alilifahamu, nasi tunaorithi matunda ya uhuru ni wadaiwa pamoja naye.

Alfajiri kanisani, mchana ofisini

Alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1961, na kisha Rais kuanzia tarehe 9 Desemba 1962, Mwalimu hakuacha mazoea yake ya sala. Waamini wa Dar es Salaam walimzoea katika Misa ya asubuhi katika kanisa la Mt. Petro, Oysterbay. Hakwenda siku za sherehe tu, wakati kamera zipo. Alikwenda siku za kazi, asubuhi na mapema, mji ukiwa bado unaamka, kisha akaenda ofisini.

Huko ofisini alishika kanuni moja ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo: serikali haina dini, ila wananchi wanazo dini zao. Wapo wanaoisikia kanuni hii kama baridi, kana kwamba inamfukuza Mungu katika mambo ya nchi. Kwa Mwalimu haikuwa hivyo. Aliona kwamba siku serikali itakapochagua dini, mwananchi wa dini nyingine atakuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilitangaza undugu wa binadamu wote, na Mwalimu aliichukua kwa uzito wa mtu aliyefundishwa kwamba kila binadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu.

Vivyo hivyo katika Ujamaa. Alipoeleza siasa hiyo mwaka 1962, alianza na familia ya Kiafrika, ambamo kila mtu hufanya kazi na hakuna anayelala njaa wakati mwenzake ana akiba. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, baadhi ya waamini waliingiwa na hofu: je, huu si ukomunisti, na ukomunisti si humkana Mungu? Mwalimu alijibu kwamba ujamaa wa Tanzania haumtaki mtu aache dini yake wala haumlazimishi kuwa nayo. Unamtaka amheshimu mwenzake kama sawa naye. Majuma saba tu baada ya Azimio, tarehe 26 Machi 1967, Baba Mtakatifu Paulo VI alitoa waraka wake kuhusu maendeleo ya watu, akiyataka mataifa yatazame pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho. Aliyesoma nyaraka zote mbili mwaka ule aliona kwamba zinatazama jeraha moja.

Viongozi walipewa masharti: kutokuwa na hisa katika makampuni, kutokuwa na mishahara miwili, kutojenga nyumba za kupangisha. Mwalimu alikuwa ameanza na mfuko wake. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu adhabu ya wanafunzi. Kuhusu mshahara ni vigumu kubishana.

Siku shule zetu zilipochukuliwa

Hapa tunafika mahali panapouma. Kama Ikulu ingekuwa "upande wetu" kwa maana ile ya pili, mwaka 1969 usingekuwa kama ulivyokuwa. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu, na kuanzia mwaka 1970 shule za misheni zikawa za serikali. Shule zilizojengwa kwa sadaka za waamini, kwa matofali yaliyobebwa vichwani na mama zetu, kwa maisha ya masista na mabruda waliozikwa mbali na kwao, zilibadilika jina na mwenyewe. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa. Nyingine nyingi ziliondoka, na Pugu, aliyofundisha Mwalimu mwenyewe, ilikuwa mojawapo.

Wazee wetu wengine hawakumsamehe upesi. Walisema amekata tawi alilokalia: misheni ilimfundisha dini, ikampa kazi, leo anaichukulia mali yake. Uchungu huo ulikuwa wa haki kwa namna yake, na hatupaswi kuufuta leo kwa sababu tu tunataka atangazwe mwenye heri.

Lakini tujiulize aliona nini. Ukoloni uliacha elimu mahali misheni zilipokuwa na nguvu, kama Kilimanjaro na Bukoba, huku maeneo mengine, hasa ya pwani yenye Waislamu wengi, yakiwa nyuma. Mtoto wa Kiislamu aliyetamani sekondari mara nyingi aliukuta mlango wake uko katika uwanja wa kanisa la watu wengine. Taifa lililoahidi usawa lingewezaje kuendelea hivyo? Mwalimu angeweza kulinyamazia jambo hilo, na Kanisa lake lingemshukuru. Hakunyamaza. Alichukua cha ndugu zake wa imani akakiweka mezani pa wote.

Tarehe 16 Oktoba 1970, mwaka huo huo wa kwanza wa shule kuwa za serikali, alisimama mbele ya Masista wa Maryknoll huko New York akazungumza juu ya Kanisa na jamii. Aliwaambia kwa uwazi kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini na unyonge, halitakuwa na maana kwa watu hao, na dini itabaki kuwa ushirikina wa waoga. Maneno makali kutoka kwa mwana wa Kanisa. Mgeni asingeyasema namna hiyo, kwa kuwa mgeni hana uchungu na nyumba. Wengi waliomsikia waliyapokea, na hadi leo yanasomwa na wanaojifunza mafundisho ya jamii ya Kanisa barani Afrika.

Mahali alipokosea

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukimsifu Mwalimu bila kipimo, tutaharibu hata sifa anazostahili. Kanisa lenyewe, linapochunguza maisha ya Mtumishi wa Mungu, haliwaiti mashahidi wa sifa tu. Huwaita pia wanaojua udhaifu wake.

Mwaka 1962 serikali yake ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na watu waliwekwa. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Kati ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya wananchi walihamishiwa katika vijiji. Wengine walikwenda kwa hiari. Wengine walibebwa kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa ili wasirudi. Siasa iliyoanza na picha ya familia iliishia, kwa baadhi ya familia, na mama aliyesimama porini na watoto na sufuria. Tusisahau kwamba mama huyo naye alikuwa na Rozari yake au tasbihi yake.

Ndugu zetu Waislamu nao wana kumbukumbu zao za miaka ile. Wapo wanaouliza hadi leo kwa nini jumuiya yao kubwa, iliyojulikana kama EAMWS, ilipigwa marufuku mwaka 1968. Wapo wanaoona kwamba historia ya uhuru iliandikwa bila wazee wao. Sisi tunauliza kuhusu shule, wao wanauliza kuhusu jumuiya yao. Wengine husema kwamba, kwa kuwa pande zote mbili zinalalamika, basi Mwalimu alikuwa katikati kabisa. Hatuwezi kwenda mbali hivyo. Mtu anaweza kuwakosea wote wawili. Tunachoweza kusema ni kwamba malalamiko ya ndugu yako hayapungui ukweli kwa sababu aliyelalamikiwa alisali kanisani kwako.

Na bado kuna jambo moja ambalo viongozi wengi hawalifanyi. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Hakusukumwa na mahakama wala na uchaguzi. Anayekwenda kitubioni mara kwa mara hujifunza sentensi ambayo madaraka huisahaulisha: nimekosa mimi. Hatudai kwamba alikiri yote yaliyostahili kukiriwa. Tunasema tu kwamba sentensi hiyo aliijua.

Mzee na kalamu yake

Mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima. Hakuwa kimya. Mwaka 1995, nchi ikielekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka ya chama kimoja, alizunguka akionya juu ya nyufa alizoziona katika nyumba ya taifa, na udini ulikuwa mojawapo. Alionya kwamba watu wakianza kuchagua viongozi kwa dini zao, hawataishia hapo. Aliyesema hayo alikuwa mzee aliyekwenda Misa karibu kila siku. Hakuwa anawaonya watu wa dini nyingine peke yao. Alikuwa anatuonya sisi.

Katika miaka hiyo ya uzee alifanya kazi nyingine ambayo waamini wengi hawaijui. Watu wanakumbuka kwamba alitafsiri Julius Caesar wa Shakespeare, na kwamba Mabepari wa Venisi ni tafsiri yake. Wachache wanajua kwamba alichukua Injili zote nne na Matendo ya Mitume akaziandika kwa utenzi wa Kiswahili. Kazi hiyo ilichapwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Anayefahamu utenzi anajua maana yake: mistari minne katika kila ubeti, mizani minane katika kila mstari, vina vya kutafutwa kimoja kimoja, kwa maelfu ya beti. Huwezi kuitenda kazi hiyo bila kukaa na kila tendo la Yesu, kulipima, kulirudia, hadi liingie katika kinywa cha Kiswahili. Tena utenzi ni chombo kilicholelewa na Waislamu wa pwani, waliokitumia karne nyingi kusimulia habari za mitume wao. Mzanaki aliyebatizwa Nyegina aliazima chombo cha jirani zake ili amsimulie Bwana wake. Tunadhani hiyo ndiyo sala yake ndefu kuliko zote, nayo alituachia tuisome.

Kuanzia mwaka 1996 alisuluhisha mgogoro wa Burundi, kazi iliyomshika hadi mwisho. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya St. Thomas, London, akiugua saratani ya damu. Tarehe 23 Oktoba alizikwa Butiama. Barabarani, Wakristo na Waislamu walisimama pamoja wakilia, na hakuna aliyeuliza jirani yake analia kwa dini gani.

Deni letu

Mchakato wa kumtangaza mtu mwenye heri si tuzo ya siasa nzuri. Kanisa halitaamua kama Ujamaa ulifaa au haukufaa, wala kama shule zilipaswa kuchukuliwa. Linachunguza kama mtu huyu aliishi imani, matumaini na mapendo kwa kiwango cha kishujaa katika wajibu aliopewa. Hukumu hiyo tunawaachia wenye mamlaka, nasi tunaendelea kusali. Likija jibu la ndiyo, tutapiga vigelegele. Likichelewa, hatutakuwa tumepoteza kitu, maana mfano wake tunao tayari.

Mfano huo unatugusa tunapokaa mabenchini mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Mgombea anakuja kwenye harambee ya ujenzi wa kanisa. Anakaribishwa mbele, anapewa kipaza sauti, anataja kiasi alichotoa, nasi tunapiga makofi. Baadaye tunanong'onezana, "Huyu ni mtu wetu, atatukumbuka." Tunamaanisha nini? Kwamba tutapata barabara kabla ya wenzetu? Kwamba kijana wetu atapata kazi ambayo kijana wa msikitini alistahili? Kama ndivyo, tunamwomba asifanane na yule tunayemwombea kila Oktoba.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana anapowatenga kondoo na mbuzi, maswali yake ni ya chakula, maji, nguo, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Mwalimu alitenda baadhi ya hayo vizuri, na pengine alishindwa, hata upande wa wafungwa wenyewe. Alijua kwamba ataulizwa. Hatuna budi kuwapima wanaoomba kura zetu kwa maswali hayo hayo, awe Mkristo, Mwislamu au wa dini ya wazee wake: maskini walipata nini mikononi mwake, na alipokosea alisema nini.

Basi tarehe 14 Oktoba ijayo, tukitoka Misani na mtu akatuambia kwa fahari kwamba Mwalimu alikuwa mtu wetu, tumjibu kwa upole: ndiyo, alisali nasi, kisha akaenda kuwatumikia wote. Na jioni hiyo, kabla hatujalala, tumtembelee jirani asiyesali nasi, tumsikilize naye anamkumbukaje Mwalimu. Huenda akatueleza jambo ambalo hatujawahi kulisikia kanisani.